Gunia Kando ya Kitanda: Panya, Dumuzi na Papasi Katika Nyumba za Wakulima wa Nyanda Kavu

Nyumba nyingi za wakulima wa Dodoma na Singida zina kitu ambacho mpangaji wa mjini hana: chakula cha mwaka mzima ndani ya chumba cha kulala. Mvua huku ina msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na katika sehemu kubwa ya Dodoma ni milimita 500 hadi 600 tu kwa mwaka. Kinachovunwa Mei, Juni na Julai ndicho kitakacholiwa mpaka mavuno yajayo. Ghala la nje linaogopwa kwa sababu ya wezi, kwa hiyo magunia ya mahindi, mtama na karanga huingizwa ndani, yakaegemezwa ukutani, kichwani mwa kitanda au chini yake kabisa.

Hali hiyo ndiyo chanzo cha karibu kila usumbufu wa wadudu na panya katika nyumba hizi, na ndiyo inayosahaulika kila mtu anapotafuta dawa. Mama anaingia duka la pembejeo anauliza dawa ya panya, anapewa. Wiki mbili baadaye anarudi kuuliza ya mchwa, kisha ya dumuzi, kisha ya kunguni. Kila tatizo lina pakiti yake. Nyumbani, hata hivyo, viumbe hawa wamefungamana. Panya anafuata nafaka. Nyoka anamfuata panya. Viroboto wanapanda mgongoni mwa panya. Papasi na nge wanakaa kwenye nyufa za ukuta ule ule ambao panya ameuchimba na mchwa ameutoboa. Na sumu iliyowekwa kwa ajili ya mmoja wao inavutwa na mtoto aliyelala nusu mita kutoka kwenye gunia.

Ndiyo maana nashikilia kwamba swali la kwanza halipaswi kuwa "dawa gani?" Liwe "chakula kiko wapi, mtu analala wapi, na kati yao kuna nini?"

Kiangazi kinavyowasukuma ndani

Panya wanaovamia nyumba baada ya mavuno wengi wao ni panya shamba, aina ambayo wataalamu huiita Mastomys natalensis. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamemfuatilia kwa miongo mingi, na tabia yake inajulikana vizuri. Kuzaana kwake hufuata mvua. Mvua inaotesha majani, majani yanatoa mbegu, na jike aliyeshiba anaweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja baada ya mimba ya wiki tatu na siku chache. Wale watoto nao hawachukui miezi mingi kabla ya kuanza kuzaa.

Sasa pima mpangilio wa mwaka. Panya wanafikia wingi wao mkubwa wakati shamba limeshavunwa, mabua yameliwa na ng'ombe au yamechomwa, nyasi zimekauka na mito ni mchanga mtupu. Idadi yao ipo juu na chakula kimekwisha, isipokuwa mahali pamoja: ndani kwako. Huko wanamkuta panya wa darini, yule mweusi mwenye mkia mrefu, ambaye hahami na anaishi na watu mwaka mzima. Mtu anayesema "mwaka huu panya wamerogwa" mara nyingi anaona matokeo ya msimu mzuri wa mvua uliopita.

Mchwa naye ana sababu kama hiyo. Anahitaji unyevu na mti mkavu. Kiangazi kikikaza, udongo wa chini ya nyumba, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa na mtungi unapovuja, unabaki na unyevu kuliko porini. Anapanda ndani ya ukuta kuzifuata nguzo na fito, akijenga vile vichirizi vya udongo unavyoviona vinapanda kama mishipa. Kumbikumbi wanaoruka mvua za kwanza zikinyesha ni mchwa hao hao wanaotoka kuanzisha makoloni mapya. Ukiwaona wanatokea kwenye sakafu ya chumbani, tayari unajua koloni liko wapi.

Mende, sisimizi na nzi sitawasemea sana. Hao ni suala la mabaki ya chakula, mfuniko wa choo na umbali wa zizi, na kila mwenye nyumba analijua hilo. Pipa la maji nalo lifunikwe, maana mbu hana pengine pa kuzalia huku wakati wa ukame.

Dumuzi na fukusi si mdudu mmoja

Hapa panahitaji kutulia kidogo, kwa sababu makosa mengi ya gharama kubwa hutokea hapa.

Fukusi ni yule mdogo wa kahawia mwenye mdomo mrefu kama mkonga. Yuko na sisi tangu zamani, anataga yai ndani ya punje, na lava anakula akiwa humo humo mpaka anatoka mzima. Dumuzi ni mgeni. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na Afrika Mashariki alijulikana kwanza Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima wa huko walimbatiza jina la Scania. Kutoka Tabora alisambaa kwenye biashara ya mahindi mpaka karibu kila kona ya nchi, na nchi jirani pia.

Kumtambua ni rahisi ukiwa na karai na mwanga. Mwaga debe moja la mahindi, uyachekeche. Fukusi anaacha punje zenye tundu moja moja na vumbi kiasi. Dumuzi anaacha unga, unga mweupe mwingi uliolala chini ya gunia, na punje zilizobaki maganda. Mdudu mwenyewe ni mweusi, umbo la kipande kidogo cha risasi, na ukimtazama kwa juu huoni kichwa kwa sababu kimeinamia chini ya kifua. Weka sikio kwenye gunia lililoshambuliwa usiku, utasikia mchakacho mdogo usiokoma.

Dumuzi anapenda mahindi yaliyo bado kwenye gunzi. Kule punje imeshikiliwa, haichezi, naye anapata pa kujikitia anapotoboa. Makopa ya muhogo pia anayapenda. Kwenye mtama na uwele hastawi vile, na hiyo ni mojawapo ya sababu kwa nini nafaka ndogo za wazee wetu wa Ugogo zilikuwa zikikaa kwenye vilindo, vyombo vya jadi vya kuhifadhia nafaka, muda mrefu bila dawa. Sisemi tuache mahindi. Lakini nyumba inayoweka nusu ya akiba yake kwa mtama au uwele imepunguza hatari yake kabla hata ya kununua chochote.

Kutokana na tabia hiyo, hatua ya kwanza dhidi ya dumuzi ni kupukuchua mapema. Kuning'iniza mahindi na maganda yake juu ya jiko, kama tulivyozoea, kulifaa enzi za fukusi, na moshi ulisaidia. Kwa dumuzi, mahindi yaliyokaa kwenye gunzi miezi minne ni karamu.

Jambo la pili ni dawa ya unga yenyewe. Ile iliyozoeleka, mfano Actellic Super, ina viambato viwili kwa makusudi: pirimiphos-methyl kwa ajili ya fukusi na permethrin kwa ajili ya dumuzi. Dawa yenye kiambato kimoja tu inaweza kumuua mdudu mmoja na kumwachia mwenzake uwanja. Soma pakiti. Kama haina jina la kiambato, tarehe ya kuisha muda na namba ya usajili, usiichanganye na chakula cha wanao. Na kipimo ni kile kilichoandikwa. Kuongeza kidogo "ili ifanye kazi vizuri" hakumuui mdudu zaidi, ila kunawalisha watu dawa.

Majivu na majani ya mwarobaini yana nafasi yake. Majivu yanaziba mianya kati ya punje na kukwaruza ngozi ya mdudu mpaka anakauka, lakini yanahitajika mengi sana, kiasi ambacho gunia zima linakuwa kazi kulipepeta. Kwa maharage na kunde za matumizi ya miezi miwili mitatu yanatosha. Kwa dumuzi kwenye mahindi ya mwaka mzima, usiyategemee peke yake.

Ukavu wa punje na mfuko usiopitisha hewa

Mifuko ya tabaka tatu, ambayo wengi huiita kinga njaa, ilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kwa ajili ya wakulima wa kunde wa Cameroon. Ndani ina mifuko miwili ya plastiki nzito, nje ina gunia la kawaida la kusukwa. Haina dawa yoyote. Wadudu waliomo wanapumua, wanaimaliza oksijeni, wanaacha kula, kisha wanakufa. Kwa nyumba ambayo watu na nafaka wanalala pamoja, sijaona njia inayoizidi hii, kwa sababu haiweki sumu hewani wala kwenye chakula.

Masharti yake lakini ni makali. Jaza mpaka karibu na juu, kamua hewa yote, funga mfuko wa ndani kwa kamba, kisha wa pili kivyake, kisha wa nje. Ukifungua kila siku kuchota uji wa asubuhi umeiondolea maana yake, kwa hiyo toa kiasi cha wiki kadhaa kwa mara moja na ufunge tena. Tundu moja la jino la panya linatosha kuirudisha hewa, na ndiyo maana mfuko hauwezi kutenganishwa na vita dhidi ya panya.

Sharti kubwa kuliko yote ni ukavu. Mahindi yafikie unyevu wa asilimia 13 au 13.5. Wengi hawana mashine ya kupimia, lakini kuna chumvi. Chukua chupa kavu yenye mfuniko, tia chumvi kavu kiasi cha kufunika kitako chake, jaza punje mpaka theluthi moja, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie robo saa. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Ikianguka yote chini, yako tayari.

Anika juu ya turubai, usianike chini kwenye udongo. Kuvu wanaotengeneza sumukuvu wanakaa udongoni, na mahindi au karanga zilizoanikwa chini zinawaokota. Punje iliyotobolewa na wadudu inawafungulia mlango, na joto la huku linafanya yaliyobaki. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Ng'ambo ya mpaka, kwenye maeneo makavu ya Machakos, Makueni na Kitui, Kenya, mwaka 2004 wagonjwa 317 walitambuliwa na 125 kati yao wakafa. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Nafaka yenye ukungu isilishwe kuku wala isipelekwe kwenye pombe, ingawa najua ndivyo ambavyo watu wengi hufanya wasipoteze.

Papasi, mdudu ambaye zahanati humkosa

Papasi ni kupe asiye na gamba gumu. Akiwa na njaa ni bapa, wa rangi ya udongo, ngozi yake imekunjamana, na ukimkuta kwenye vumbi la sakafu utadhani ni kijiwe. Mchana anakaa kwenye nyufa na vumbi la chini ya kitanda. Usiku anatoka, ananyonya kwa muda wa nusu saa hivi, anarudi ufani kabla hujaamka. Anaweza kukaa miaka bila kula. Hilo peke yake linaeleza kwa nini nyumba iliyohamwa ikarudiwa inawaumiza wanaoingia usiku wa kwanza.

Anachoeneza ni homa ya papasi. Vijidudu vyake vinaitwa Borrelia duttonii, kwa kumbukumbu ya daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton, aliyeuchunguza ugonjwa huu Kongo na kufa nao huko mwaka 1905. Papasi jike huvirithisha kwa watoto wake kupitia mayai, kwa hiyo nyumba ikishakuwa na papasi wenye maambukizi, haihitaji mgonjwa mpya kuendelea kuambukiza.

Mgonjwa anashikwa na homa kali, kichwa na viungo vinauma, kisha baada ya siku chache anapoa. Anadhani amepona. Wiki hivi baadaye inarudi, halafu tena. Kwa mjamzito ni hatari zaidi, kwa sababu mimba inaweza kuharibika na mtoto mchanga anaweza kufa. Hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, iliona wagonjwa wengi kiasi kwamba tafiti kadhaa zilifanyika pale. Mmojawapo, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kuwa kupulizia nyumba zenye papasi kwa lambda-cyhalothrin kulipunguza ugonjwa kwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Jambo la kulibeba kwenda zahanati ni hili. Kile kipimo cha haraka cha malaria, kinachotoa jibu kwa mistari, hakiwezi kumwonyesha Borrelia. Mtu ana homa inayoondoka na kurudi, kipimo kinasema hana malaria, anaambiwa ni uchovu au anapewa dawa ya maumivu. Omba damu ipimwe kwa hadubini wakati homa iko juu, na useme wazi kwamba nyumbani mnalala kwenye sakafu ya udongo. Ugonjwa huu unatibika kwa antibiotiki za kawaida ambazo daktari atachagua. Kinachoumiza ni kuchelewa.

Nyumbani, papasi anakosa maficho akikosa nyufa. Zamani tembe, nyumba yetu ya jadi ya udongo, lilisiribwa kila mwaka kwa udongo uliochanganywa na samadi na majivu, na ile ilikuwa kinga, hata kama sababu iliyotajwa ilikuwa urembo wa nyumba kabla ya sherehe. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake na bado ni yao, na kwa kuwa haionekani kama kazi ya kilimo, hakuna anayeitengea siku wala kibarua. Ukuta wa ndani usioachwa na nyufa kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kitanda unapunguza papasi, nge na panya kwa pamoja. Kitanda kisogezwe mbali na ukuta. Mtoto na mgeni wasilazwe chini kwenye mkeka, maana hao ndio wanaonyonywa kwanza.

Sumu ndani ya chumba cha watu

Nafika kwenye sehemu inayoniuma zaidi. Kuna vidonge vya kufukizia nafaka vinavyouzwa kwa wakulima mmoja mmoja, bila pakiti, kwa kuhesabu. Ndani yake kuna alumini fosfidi. Kikikutana na unyevu wa hewa kinatoa gesi ya fosfini, ambayo ndiyo inayoua wadudu. Ni dawa ya maghala makubwa, yanayofungwa kwa turubai maalumu na kusimamiwa na mtu aliyefunzwa, mbali na makazi. Mkulima anatia kidonge kwenye gunia, gunia liko chumbani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi ya Julai, na watu wanalala. Gesi haizuiwi na gunia la kusukwa, wala haizuiwi na ukuta wa tofali bichi wenye nyufa, kwa hiyo inaweza kuingia hata chumba cha pili. Dalili ni kichefuchefu, kutapika, kifua kubana na kizunguzungu. Hakuna dawa ya kuipinga mwilini. Familia ikiamka na dalili hizo, wote watoke nje kwanza kwenye hewa, ndipo waanze safari ya hospitali.

Kwa hiyo vidonge hivyo visitumiwe kabisa kwenye nyumba wanamolala watu. Sioni mazingira yanayohalalisha.

Jingine ni dawa za shambani. Ile iliyobaki baada ya kupulizia nyanya, alizeti au zabibu huishia kupuliziwa kitandani kuua kunguni. Kunguni wengi sasa ni sugu kwa dawa za kawaida, na kupulizia mara nyingi kunawatawanya tu waingie chumba cha pili. Maji yanayochemka yaliyomwagwa kwenye viungio vya kitanda, na nguo na shuka zilizofungwa kwenye mfuko mweusi wa plastiki zikaachwa kwenye jua kali la saa sita mpaka jioni, vinawaua kwa uhakika zaidi, kwa sababu joto la nyuzi 50 hawalivumilii, wao wala mayai yao. Jua la Oktoba huku ni nguvu ya bure. Rudia kwa wiki kadhaa bila kuruka.

Sumu ya panya nayo inahitaji maelezo. Panya ni mwoga wa kitu kipya. Anaonja kidogo kwanza. Sumu inayoua haraka humfanya anayeonja kidogo aumwe tumbo na asiiguse tena, na wenzake wanabaki. Zile zinazofanya kazi polepole, zinazozuia damu kuganda, zinamwacha ale siku kadhaa bila kushuku. Wanunuzi wengi wanazikataa kwa sababu hawaoni panya aliyekufa asubuhi yake. Lakini hata hizo zinamdhuru paka au bundi atakayemla panya mwenye sumu, na hao wawili wanakufanyia kazi bila malipo. Ziwekwe ndani ya kisanduku chenye tundu la panya tu, zisimwagwe sakafuni wala kuchanganywa na dagaa kwenye sahani ambayo mtoto anaijua. Mizoga ifukiwe. Na ule unga mweusi unaouzwa mnadani kwenye karatasi isiyo na jina usiuingize nyumbani.

Mwenye dhamana ya kusajili viuatilifu Tanzania Bara ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kurithi kazi za iliyokuwa TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya Arusha. Afisa ugani wa kata anaweza kukusaidia kujua kama dawa imesajiliwa. Muulize kabla ya kununua.

Tena, kabla ya kuua panya wengi kwa mara moja, fikiria viroboto. Panya akifa, viroboto wake, ambao wanaweza kubeba tauni, wanatafuta mwili mwingine wenye joto. Lushoto iliteswa na tauni kwa zaidi ya miaka ishirini kuanzia 1980, na Mbulu ilipata mlipuko mwaka 2007. Ukiona panya wanakufa wenyewe ovyo bila sumu, usiwashike kwa mkono na usinyamaze. Toa taarifa kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kutenganisha

Panya mkubwa anapita kwenye tundu la upana wa kidole gumba, na mtoto wake kwenye dogo zaidi. Zunguka nyumba kwa nje jioni ukiwa na tochi, tazama pale ukuta unapokutana na bati, chini ya mlango na pembeni mwa dirisha. Utaona alama nyeusi yenye mafuta pale anapopita kila siku, na kinyesi kipya kinachong'aa. Ziba kwa kokoto na saruji, au waya uliosokotwa kabla ya kupiga udongo. Udongo peke yake anauchimba usiku mmoja.

Ndani, magunia yapande juu ya chaga na yaachane na ukuta kiasi cha mtu kupita. Nafasi hiyo inaonekana kama hasara kwenye chumba kidogo, lakini ndiyo inayokuwezesha kumwona mchwa anapopanda, unga wa dumuzi unapodondoka na panya anapojenga. Mitego iwekwe sambamba na ukuta, kwa sababu panya hutembea akiugusa. Mtego wa ndoo yenye maji nusu na kopo linalozunguka kwenye waya, limepakwa karanga zilizosagwa, unanasa wengi kwa usiku mmoja na hauhitaji sumu.

Kuni, matofali na mabati chakavu yasiegemezwe kwenye ukuta wa nyumba. Ndiko nge anakolala na ndiko kifutu anakomsubiri panya. Kwa nge kuna kifaa ambacho wengi tayari wanacho dukani bila kujua: ile tochi ya kukagulia noti bandia. Mwanga wake wa zambarau unamfanya nge ang'ae kijani gizani. Pita nayo usiku chumbani na uani, utashangaa, kisha utavitikisa viatu kila asubuhi bila kukumbushwa. Chandarua kilichochomekwa chini ya godoro kinamzuia anayedondoka kutoka darini. Mtoto akiumwa na nge, au mtu yeyote akiumwa na nyoka, mlazeni atulie, msichanje, msifyonze, msifunge kamba ya kukata damu, na mwende hospitali moja kwa moja.

Tarehe nazo zina uzito. Ghala lifagiliwe na magunia ya zamani yachemshwe au yaanikwe kabla mahindi mapya hayajaingia, maana mdudu wa mwaka jana ndiye anayeanzisha wa mwaka huu. Paa likaguliwe Oktoba. Mvua ya kwanza ikivujia kwenye gunia lililokaa salama tangu Juni, kuvu wataanza kabla hujagundua.

Kwa mwenye fedha ya jambo moja tu msimu huu, ningemwambia anunue turubai. Akipata ya jambo la pili, mifuko miwili mitatu ya kinga njaa kwa mahindi yatakayoliwa kuanzia Novemba, na yale ya miezi ya mwanzo yakae kwenye gunia la kawaida. Akipata ya tatu, ajenge kijichumba cha nafaka kilichoshikana na nyumba, chenye ukuta wake na mlango unaofunguka nje chini ya dirisha la chumba cha kulala, ili mwizi asikike na mahindi yasilale na watoto.